Msitu wa kijiji, ubia na serikali, WMA, ngitili au kaboni: kijiji chenye miombo kichague lipi?

Halmashauri ya kijiji chenye miombo, yaani msitu wa nyika, siku hizi haikosi wageni. Anaondoka mtu wa shirika na GPS yake, anaingia afisa wa wilaya na rasimu ya mkataba. Huyo naye hajafika barabarani, kampuni ya kaboni imeshaomba nafasi kwenye mkutano mkuu. Maneno yao yanafanana: uhifadhi, ushirikishwaji, manufaa kwa wananchi. Anayesikiliza bila kuuliza atadhani wote wanauza kitu kimoja.

Kijiji cha nyika Tanzania kina njia tano za kuutunza msitu wake na kula kutokana nao: msitu wa hifadhi wa kijiji, usimamizi wa pamoja na serikali, jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori (wengi wanaiita WMA tu), ngitili (malisho yanayofungwa kwa msimu), na mkataba wa kaboni. Zote zinatunza miti kwa kiasi fulani. Zinaachana kwenye maswali ambayo wageni hawapendi kuanza nayo: ardhi inabaki ya nani, kibali kinatoka kwa nani, na pesa inapita mfuko wa nani kabla ya kukifikia kijiji. Nitalinganisha kwa maswali hayo. Habari za ndege adimu na hewa safi mtaambiwa na wageni wenyewe.

Jambo lenyewe si dogo. Tathmini ya kitaifa ya misitu, NAFORMA, iliyotolewa 2015, ilihesabu hekta milioni 48.1 za misitu Tanzania Bara. Zaidi ya asilimia 90 ya eneo hilo ni misitu ya nyika, siyo ile minene ya milimani yenye ukungu na picha nzuri za kalenda. Na karibu nusu yake iko kwenye ardhi ya vijiji. Maana yake, wajumbe wasiozidi 25 wa halmashauri ya kijiji, pamoja na mkutano wao mkuu, ndio wanaoshika sehemu kubwa ya misitu ya nchi hii kuliko ofisi yoyote ya Dodoma.

Kabla ya yote, msitu ni wa nani?

Wazee watakuonyesha mpaka kwa kidole: kutoka mbuyu ule, ufuate korongo, hadi kwenye kichuguu. Sawa, lakini ramani ya serikali inaweza kuwa na maoni mengine. Kama msitu umo ndani ya hifadhi iliyotangazwa, iwe ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) au ya halmashauri ya wilaya, basi njia iliyobaki ni moja tu, usimamizi wa pamoja. Msipoteze mwaka kujadili nyingine.

Kama msitu uko kwenye ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi hiyo kama mdhamini wa wanakijiji, na maamuzi makubwa yanapitia mkutano mkuu. Hapo milango yote mingine iko wazi. Ila pateni kwanza cheti cha ardhi ya kijiji na mpango wa matumizi ya ardhi. Ugomvi wa mpaka na kijiji jirani hulala miaka mingi, halafu huamka siku gogo la kwanza linapouzwa.

Msitu wa hifadhi wa kijiji

Hii ndiyo njia ninayoipa uzito kuliko zote, na sifichi.

Ilianzia kwenye mgogoro. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilitaka kuutangaza msitu wa Duru-Haitemba kule Babati, hekta kama 9,000 za miombo, kuwa hifadhi yake. Watu walipoona msitu unaondoka mikononi mwao, wakaanza kukata na kulima haraka kabla haujaenda. Ikabidi mpango ugeuzwe: vijiji vinane vikakabidhiwa usimamizi, kila kimoja sehemu yake, vikajiwekea sheria na walinzi. Ukataji ukapungua bila mlinzi hata mmoja wa serikali. Mgori, mkoani Singida, ukafuata njia hiyohiyo. Uzoefu wa sehemu hizo mbili ndio uliochangia Sera ya Misitu ya 1998 na Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 kukipa kijiji nafasi ya mwenye msitu badala ya kibarua wa kuulinda.

Utaratibu ni mrefu kidogo. Kijiji kinachagua Kamati ya Maliasili, kinapima mipaka, kinahesabu miti kwa sampuli, kinaandika mpango wa usimamizi na sheria ndogo, mkutano mkuu unapitisha, kisha baraza la madiwani linaidhinisha. Hapo msitu umetangazwa na kijiji. Baada ya miaka mitatu mnaweza kuomba uingizwe kwenye Gazeti la Serikali, lakini si lazima.

Faida kubwa ni pesa kuishia kijijini. Mrabaha wa miti iliyovunwa humo na faini za wavunjaji vinabaki kwenye mfuko wa kijiji. Tofauti yake inaonekana vizuri kwenye mpingo au mninga. Mti huo ukisimama kwenye ardhi ya kijiji ambayo haijatangazwa kuwa hifadhi, kibali cha kuuvuna kinatolewa na serikali na mrabaha unakwenda serikalini. Kijiji kinabaki na kisiki na makorongo ya matairi ya lori. Mti uleule ukiwa ndani ya msitu uliotangazwa, kijiji ndicho muuzaji.

Kilwa wameionja tofauti hiyo. Vijiji kama Kikole na Kisangi, vikisaidiwa na shirika la MCDI, viliingia kwenye cheti cha FSC, cha kimataifa cha msitu unaosimamiwa vizuri, mwaka 2009, cha kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii. Mpingo wao unatafutwa na watengenezaji wa zumari za Kizungu, klarineti na obo, ambao hawajapata mti mwingine wa kuupita kwa sauti. Ila mpingo unakua taratibu kama kobe: miaka 70 na zaidi kufikia unene wa kuvunwa. Kwa hiyo mpango wa uvunaji unaruhusu magogo machache kwa mwaka, na anayedhani atajenga zahanati kwa msimu mmoja wa mpingo atafadhaika. Vijiji vya huko vimepanua orodha kwa kuuza pia miti mingine ya mbao, kama mkongo na mpangapanga.

Kwenye uvunaji, jambo dogo linaloamua kama pesa itaonekana ni nyundo. Gogo likishaangushwa na kupimwa, hugongwa alama ya nyundo ya kijiji, kwenye kisiki na kwenye gogo, ili getini mkaguzi ajue limetoka wapi. Gogo lisilo na alama ni la wizi. Sasa, nyundo hiyo na daftari la vipimo vikikaa kwa mtu mmoja, msitu umekwisha. Nyundo ikae kwa mwingine, daftari kwa mwingine, na stakabadhi atoe mtunza hazina wa kijiji ambaye si mjumbe wa kamati. Sheria ndogo nyingi nilizozisoma zina kurasa nzima za faini kwa mchunga mbuzi, na hakuna mstari hata mmoja kuhusu nyundo.

Kama msitu wenu hauna mbao za maana, usidhani hauna kitu. Wilayani Kilosa, mashirika ya TFCG na MJUMITA yalianza mwaka 2012 kusaidia vijiji kuzalisha mkaa kwa mpango. Mkaa, ndiyo, kile ambacho kila kampeni ya mazingira inakilaani. Sehemu ndogo ya msitu, kama sehemu moja kwa kumi, inatengwa kwa mkaa. Inagawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50. Kinachokatwa kinapakana na kisichokatwa, kama ubao wa drafti. Visiki vinaachwa vichipue, na kitalu hakirudiwi mpaka ipite miaka 24. Mchoma mkaa analipa kijiji ada kwa kila gunia kabla ya kusafirisha. Kinachofanya jambo hili liwezekane ni tabia ya miombo yenyewe: mizizi ya myombo iliyokomaa haifi mti ukikatwa, inasukuma machipukizi mapya mvua ya kwanza ikinyesha. Anayeua miombo kabisa ni anayeng'oa visiki na kulima, akiyachimba machipukizi kila mwaka.

Na hapo ndipo adui wa kweli alipo. Lindi ni ufuta. Tabora na Chunya ni tumbaku, ambayo inataka shamba jipya na kuni za kukaushia. Kiteto ni mahindi. Ekari ya ufuta inalipa ndani ya msimu mmoja na pesa inaingia mfuko wa mkulima mwenyewe. Msitu unalipa baada ya miaka, na pesa inaingia akaunti ya kijiji. Mpango wowote usiojibu hesabu hiyo utabaki karatasi.

Udhaifu mwingine upo. Gharama za kupima na kupanga ni kubwa, ndiyo maana misitu mingi ya vijiji iliyofika hatua ya kuuza ilibebwa na mradi wa wafadhili. Kanuni za 2019, Tangazo la Serikali Na. 417, ziliuingiza uvunaji wa vijiji kwenye mlolongo wa kamati ya uvunaji ya wilaya, chini ya Mkuu wa Wilaya, na vijiji vilivyozoea kuuza kwa mpango wao vikajikuta vinasubiri kikao. Halafu kuna ukubwa. SULEDO, yaani Sunya, Lengatei na Dongo kule Kiteto, ni msitu wa hekta zaidi ya 160,000 uliopata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2002. Tuzo haikuzuia wakulima kuingia wala haikumaliza ugomvi wa wakulima na wafugaji. Eneo kubwa namna ile doria ya baiskeli hailifikii.

Usimamizi wa pamoja na serikali

Hapa ardhi ni ya serikali na inabaki ya serikali. Kijiji kinaingia mkataba wa kusaidia kulinda, nacho kinapewa ruhusa ya vitu fulani: kuni kavu, uyoga, dawa, kutundika mizinga.

Nina mashaka nayo kwa sababu moja, mgawo. Sheria iliruhusu mikataba lakini haikutaja mafungu, kwa hiyo vijiji vingi viliandaa mipango, vikaanza doria, na mikataba ikakaa mezani miaka bila kusainiwa kwa kuwa hakuna aliyetaka kuandika asilimia. Misitu mingi iliyoingizwa ilikuwa ya vyanzo vya maji ambako kuvuna kumekatazwa, hivyo hata kama asilimia ingeandikwa, ni asilimia ya sifuri. Kazi ya ulinzi ilihamia kijijini, mapato yakabaki yalipokuwa.

Ila kama hifadhi ya serikali imewazunguka na mnaihitaji kwa maji na nyuki, mkataba ni bora kuliko kukimbizana na askari wa TFS. Dai moja tu: kipengele cha mgawo kiwemo kwenye karatasi, kikiwa na namba, kabla mwenyekiti hajashika kalamu. Na faini za wahalifu mnaowakamata ninyi ziwe na fungu la kijiji.

WMA

Vijiji kadhaa vinatenga sehemu ya ardhi zao, vinaunda jumuiya moja, jumuiya inapewa haki ya kutumia wanyamapori: kuleta wawekezaji wa kambi za utalii au uwindaji. Msingi wake leo ni Sheria ya Wanyamapori Na. 5 ya 2009. Ikona iko pembeni ya Serengeti, Burunge kati ya Tarangire na Manyara, MBOMIPA (Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga) kando ya Ruaha. Zitazameni kwenye ramani: zilizo na watalii ni zile zinazogusa hifadhi yenye jina. WMA iliyo mbali na njia ya watalii, iliyojaa miombo na mbung'o, hubaki ikitegemea uwindaji, na uwindaji una misimu yake na siasa zake.

Upande wa msitu, WMA hufanya kazi nzuri ya kuzuia mashamba mapya kwenye mapito ya tembo. Upande wa mkulima, tembo hao hao ndio wanaomaliza mahindi usiku, na kifuta jasho kinachokuja, kikija, hakilingani na gunia zilizoliwa. Upande wa pesa, kuna ngazi nyingi kuliko njia nyingine yoyote: sehemu ya ada za utalii na uwindaji inapita serikalini kabla ya kurudi kwenye jumuiya, jumuiya inatoa gharama zake, halafu vijiji vinagawana. Kijiji kilichotenga eneo kubwa na kilichotenga dogo mara nyingi hupata sawa, jambo linaloleta manung'uniko ya kudumu.

Kuingia ni kwa azimio la mkutano mkuu. Kutoka ni safari nyingine kabisa, kwa kuwa eneo limeshaunganishwa na la wenzenu na mwekezaji ana mkataba. Kwa hiyo msiingie kwa majaribio.

Ngitili

Hii haikuletwa na mtu kwenye gari la mradi. Wasukuma walikuwa na ngitili kabla ya neno uhifadhi kuandikwa kwenye sera: unafunga kipande cha malisho mvua zinapoanza, hakuna ng'ombe kuingia, majani yanakua na miti inachipua humo, unafungua kiangazi kikikolea, Julai au Agosti, nje kukiwa kweupe. Ng'ombe dhaifu na wenye ndama wanaingia kwanza.

Shinyanga ilikaribia kupoteza vyote. Serikali ya kikoloni ilifyeka mapori kuua mbung'o, pamba ikachukua ardhi, mifugo ikaongezeka, na kuhamia vijiji vya ujamaa kukawatenga watu na ngitili zao. Mwaka 1986 ulipoanza mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, zilibaki hekta kama 600 tu. Miaka isiyozidi ishirini baadaye zilikadiriwa kuzidi 300,000. Kwa sehemu kubwa hazikupandwa. Zilifungwa. Visiki vilikuwa hai chini ya ardhi, vikisubiri mdomo wa mbuzi uondoke. Dodoma siku hizi wanaiita mbinu hiyo kisiki hai: unachagua machipukizi machache yenye nguvu kwenye kisiki, unapogolea mengine, unafunga kitambaa cha alama, unalinda.

Uzuri wa ngitili ni kwamba haisubiri mtu wa kupima. Kaya yenye ekari tatu inaweza kuanza mvua zijazo. Inatoa malisho, kuni, fito, dawa, asali na kivuli cha mifugo, yaani vitu vinavyotumika nyumbani, sio risiti ya benki. Ulinzi wake ulikuwa wa jamii: mkutano wa dagashida uliamua, sungusungu wakasimamia, na mwenye ng'ombe waliokutwa ndani alilipa faini.

Ubaya wake uko kwenye karatasi. Ngitili ya kaya inalindwa na heshima ya majirani, na heshima hupungua ardhi inapopanda bei. Ngitili ya kijiji nayo hunyemelewa na wenye mifugo mingi, kwa kuwa anayeingiza ng'ombe mia na anayeingiza wawili wanalipa kitu kilekile au hawalipi kabisa, na asiye na ng'ombe anaambulia kuni. Dawa ipo: ngitili ya kijiji inaweza kutangazwa kuwa msitu wa hifadhi wa kijiji, na ya kaya ikapatiwa hatimiliki ya kimila. Kijiji cha wafugaji kikifanya hivyo kimechukua mazuri ya pande zote mbili.

Kuna jambo la kusikitisha kidogo hapa. Wafugaji waliohamishwa Usangu mwaka 2006 na 2007 walipelekwa pamoja na mifugo yao hadi Lindi na kwingineko kusini, kwenye vijiji ambavyo havikuwa na utamaduni wa ngitili wala mpango wa malisho. Watu wanaojua kufunga na kufungua malisho wakapokewa kama wavamizi wa msitu. Vijiji vya kusini vyenye wafugaji wageni vingefaidika kuwaita kwenye kikao cha mpango wa ardhi na kuwauliza.

Kaboni

Mnalipwa kwa hewa ukaa ambayo ingeingia angani kama msitu wenu ungekatwa. Tafakarini hapo kwenye "kama". Bei inategemea tishio: kampuni lazima ionyeshe kwamba eneo lilikuwa linafyekwa au lingefyekwa. Msitu wa mbali ambao hakuna anayeusogelea hauna cha kuuza, hata uwe mzuri namna gani. Na kwa kuwa hekta ya nyika inabeba kaboni kidogo kuliko hekta ya msitu wa mvua, panahitajika eneo kubwa, mara nyingi vijiji kadhaa pamoja.

Mifano mizuri ipo. Bonde la Yaeda, Wahadzabe walipata kwanza hatimiliki ya kimila ya pamoja, mwaka 2011, na mradi wa Carbon Tanzania ukasimama juu ya haki hiyo. Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vijiji vinane vinavyozunguka milima ya Ntakata vimejenga madarasa na vituo vya afya kwa fedha za kaboni. Kenya, Kasigau kule Taita Taveta, nyika ya migunga na mibambara, ulikuwa mradi wa kwanza duniani wa aina yake kutoa hati za kaboni chini ya VCS, kiwango cha kimataifa cha kuhakiki kaboni, mwaka 2011.

Mifano ya kutia baridi ipo pia. Mapema 2025 mahakama kaskazini mwa Kenya iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii Isiolo, mojawapo ikiwa ndani ya mradi wa kaboni, zilianzishwa kinyume cha sheria kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Soko lenyewe nalo limeyumba tangu 2023, wanunuzi walipoanza kuhoji kama hati zote ni za kweli. Mkataba wa miongo kadhaa kwenye soko linalobadilika kila mwaka si jambo la kusaini baada ya chakula cha mchana.

Tanzania sasa ina kanuni za biashara ya kaboni, za 2022, na usajili unapitia Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Kampuni isiyoweza kuwaonyesha barua ya huko, mpeni mjumbe wake maji ya kunywa na nauli. Iliyo nayo, iulizeni: mgawo wetu unahesabiwa kwenye bei ya mauzo au kwenye kinachobaki baada ya gharama zenu? Tofauti ya majibu hayo mawili inaweza kuwa shule nzima. Tena iulizeni nini kinazuiwa. Mikataba mingine inafunga malisho na mkaa ambavyo mpango wa kijiji ulikuwa unaviruhusu.

Kwa haraka

| Njia | Mwenye ardhi | Anayetoa kibali | Pesa ya kwanza | Inafaa zaidi |
|---|---|---|---|---|
| Msitu wa kijiji | Kijiji | Kijiji, kwa kupitia wilaya | Miaka kadhaa | Mbao, mkaa, asali |
| Usimamizi wa pamoja | Serikali | Serikali | Haijulikani | Msitu ulishatangazwa |
| WMA | Vijiji, kupitia jumuiya | Serikali na jumuiya | Mwekezaji akipatikana | Jirani na hifadhi maarufu |
| Ngitili | Kaya au kijiji | Mwenye ngitili, dagashida | Kiangazi kinachofuata | Wafugaji |
| Kaboni | Kijiji | Mkataba na usajili wa taifa | Baada ya uhakiki | Eneo kubwa lenye tishio |

Jedwali linafanya zionekane kama vyakula vya kwenye menyu, uchague kimoja. Sivyo zinavyokaa. Msitu wa kijiji ni msingi. Mkaa wa Kilosa na mpingo wa Kilwa vimejengwa juu yake, na kaboni yenye amani pia hujengwa juu ya haki ya ardhi iliyokwisha kuandikwa. WMA ya Makame, Kiteto, ina mradi wa kaboni ndani yake. Kwa hiyo ushauri wangu kwa kijiji chenye miombo kwenye ardhi yake ni kutangaza msitu kwanza, hata mdogo, hata hekta 500, halafu kuwasikiliza wengine mkiwa na karatasi mkononi. Kijiji cha wafugaji kianze na ngitili msimu huu na kushughulikia matangazo taratibu. WMA iwe kwa aliye na tembo na watalii, sio kwa aliye na tembo peke yake.

Kama mmeelewana, itisheni mkutano mkuu baada ya mavuno, siyo wakati wa palizi. Wakati wa palizi watakaohudhuria ni wasio na mashamba na wenye maslahi.

Moto hausomi mkataba

Njia zote tano zina shimo moja, na wanaoandika mipango huliweka ukurasa wa mwisho. Miombo huungua karibu kila mwaka: mwindaji wa panya, mrina asali mwenye mwenge, mfugaji anayetaka majani mabichi, mkulima aliyepoteza moto wa shamba. Kuzuia moto kabisa kwenye nyika ni ndoto. Kinachowezekana ni kuchagua mwezi. Moto wa Mei na Juni, majani yakiwa bado na unyevu, unapita chini, unaunguza nyasi na kuacha machipukizi yakiwa hai. Moto wa Septemba na Oktoba, majani yakiwa makavu na miti ikianza kutoa majani mapya, unapanda juu na kuua kila chipukizi lililo chini ya kimo cha mtu. Kitalu cha mkaa kikipitiwa na moto wa Oktoba miaka mitatu mfululizo, ile miaka 24 ya kusubiri inaanza upya.

Kamati ichome mapema kwa makusudi, kwa vipande, ikianzia pembeni mwa mashamba na njia, jioni upepo ukiwa umetulia, na kijiji jirani kikiwa kimepewa taarifa. Warina asali wawe ndani ya kamati, kwa kuwa wao ndio wanaoingia msituni na moto mara nyingi kuliko mtu yeyote, na mzinga wa mbao badala ya wa magome unaokoa myombo mzima kila unapotundikwa. Posho za kuchoma mapema na kusafisha barabara za kuzuia moto ziingie kwenye bajeti ya mwaka wa kwanza, juu ya posho za vikao.